Kitabu cha mazoezi cha Waholanzi mikononi mwa Mswahili: kurasa za kufanya na kurasa za kuruka

Kwenye meza za vitabu vya mitumba mjini Arusha, mara kwa mara hutokea kitabu cha mazoezi ya Kiingereza kilichochapwa Uholanzi au Ubelgiji. Si ajabu. Ndege ya KLM kutoka Amsterdam inatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, vijana wa kujitolea wanashuka na mabegi yao kwenda kwenye shule na hospitali za Arusha na Moshi, na siku ya kurudi kwao vitabu ndivyo vya kwanza kuachwa ili begi lipungue uzito. Hiki kilichopo mezani kwetu ni cha ukubwa wa A4, kurasa 112, kava la kadi, kimebanwa kwa pini mbili, na bei aliyoitaja muuzaji ni shilingi 8,000. Kinahusu mambo mawili tu: kulinganisha vitu kwa Kiingereza, na nyakati za vitenzi. Kulinganisha kumepewa kurasa 34, zilizobaki karibu zote ni za nyakati.

Mnunuzi wa hapa, awe mwongoza watalii, mhudumu wa hoteli au mwalimu wa darasa la jioni, anataka kujua kama kitabu kilichotungiwa Mholanzi kitamfaa na yeye. Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa kukifuata ukurasa baada ya ukurasa. Mtunzi wake anayajua makosa ya Waholanzi kama kiganja cha mkono wake. Pale makosa yao yanapofanana na yetu, hutapata mazoezi bora kuliko haya. Pale yanapokwenda kinyume, kitabu kinakusukuma upande uleule unaouegemea tayari, na ukikimaliza utakuwa unakosea kwa kujiamini zaidi.

Kwanza lugha ya maelekezo. Kila zoezi linaanza kwa Kiholanzi, na wengi hukifunga kitabu hapohapo. Hakuna haja. Maneno yanayorudiwa ni machache mno: "Vul in" ni jaza nafasi, "Kies" ni chagua, "Maak zinnen" ni tunga sentensi, "Vertaal" ni tafsiri, "Verbeter de fouten" ni sahihisha makosa, na "Let op!" ni angalia vizuri, hapa pana mtego. Yaandike kwenye kipande cha karatasi, kibandike ndani ya kava, basi. Mazoezi ya "Vertaal" ndiyo pekee yatakayokukwamisha, maana sentensi ya kutafsiri iko kwa Kiholanzi. Mwenye kitabu cha majibu hufanya hivi: anachukua jibu la Kiingereza, analigeuza kuwa Kiswahili leo, anakifunika kitabu, kisha kesho anairudisha sentensi kwenye Kiingereza na kulinganisha. Zoezi halipotei, na kwa mtu wetu linakuwa gumu kidogo kuliko lilivyokusudiwa, jambo ambalo si baya.

Kurasa za kulinganisha zinaanza vizuri. Mfano wa kwanza ni Vaalserberg, kilima cha mita 322, kirefu kuliko vyote katika Uholanzi iliyoko Ulaya. Mwanafunzi wa Moshi anayeamka na kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, dirishani atashangaa kilima hicho kupewa ukurasa mzima, lakini mfano unafanya kazi yake. Hata hivyo, mwalimu abadilishe majina mara moja. Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi, kilele jirani, mita 5,149. Hapo una "higher than", una "not as high as", na ukitaka kumrudisha Vaalserberg una "eighteen times as high as". Mtu hukumbuka sentensi anayoweza kuisema kazini.

Tatizo la kwanza limejificha kwenye sura ya tatu. Kiholanzi huongeza "-er" hata kwenye maneno marefu. Wao husema "interessanter", "gevaarlijker", kwa hiyo kosa lao kwenye Kiingereza ni "interestinger" na "dangerouser". Kitabu kimetumia kurasa tano kulipiga vita kosa hilo. Mswahili halifanyi kabisa. Sisi sifa yetu haibadiliki: Kibo ni ndefu, Kibo ni ndefu kuliko Mawenzi, neno ni lilelile na mzigo wote umebebwa na "kuliko". Matokeo yake ni "Kibo is high than Mawenzi". Au tunalikumbuka lile "zaidi" letu tunalolibandika nyuma ya sifa, tunalihamishia mbele, na linatoka "more higher", "more better". Sasa mpe mwanafunzi wa namna hii kurasa tano za kuandika "more interesting", "more dangerous", "more expensive", bila neno fupi hata moja katikati. Akitoka hapo "more" imemkaa mdomoni, na kesho yake utasikia "more cheap", "more cold". Kosa si la mwanafunzi, zoezi ndilo lililomfundisha hivyo.

Dawa yake ni kuchanganya. Chukua maneno kumi marefu ya sura hiyo na maneno kumi mafupi ya sura ya kwanza, yaandike kwenye vipande ishirini vya karatasi, yachanganye kama karata, kisha mwanafunzi afunue kimoja kimoja na kutunga sentensi yenye "than". Asipewe nafasi ya kukariri mfululizo wa aina moja. Maneno ya silabi mbili yanayoishia na "y" (easy, heavy, busy, dirty) yaongezwe humo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yanayosumbua zaidi: yanaonekana marefu lakini yanafuata kanuni ya mafupi, na "y" inageuka "i".

Kurudufisha herufi kumepewa mistari sita tu. Mholanzi hana shida hapo, kwao nako "dun" inakuwa "dunner", kwa hiyo mtunzi amepita mbio. Sisi Kiswahili hakirudufishi herufi namna hiyo, ndiyo maana "biger", "hoter" na "weter" zimejaa kwenye madaftari. Ongeza sentensi zako: "Moshi is hotter than Arusha" ni ya kweli na kila mtu anaijua sababu, mji mmoja uko chini ya mita 1,000 na mwingine karibu mita 1,400. Vivyo hivyo "good, better, best". Kiholanzi kina "goed, beter, best", kwa hiyo kitabu kimeyaorodhesha bila hata zoezi moja. Sisi hatuna cha kutukumbusha. Lakini kwenye "bad, worse, worst" Mholanzi naye hana msaada, kwao ni "slecht, slechter, slechtst", na hapo kitabu kimemwaga sentensi ishirini na nne. Zifanye zote. Tutaona mbele kwa nini neno "worse" ni la kufa na kupona kwa mtu wa mlimani.

Kuna ukurasa mmoja unaoweza kukushangaza, wa kutofautisha "than" na "then". Sababu ni kwamba Kiholanzi kina neno moja, "dan", kwa yote mawili. Kwetu "kuliko" na "halafu" havijawahi kukutana, lakini kwa kuwa masikio yetu hayatofautishi sana sauti za maneno hayo mawili, ukurasa huu unatufaa kwa imla. Mmoja asome, mwingine aandike. Unaofuata, wa "bigger as", unaweza kuuruka. Hilo ni kosa la Waholanzi wanaosema "groter als" hata kwenye lugha yao wenyewe, na walimu wao wanaligombea. Kosa letu sisi ni "tall like me", kwa sababu ya "mrefu kama mimi". Basi usiuruke ule wa "as tall as", ni mzuri, na sentensi zake za kukanusha ndizo zinazolainisha mazungumzo: "Today's walk is not as long as yesterday's" inampa mgeni moyo kuliko "Today is short".

Mwisho wa sehemu hii kuna "the highest in Africa". Mholanzi husema "of Africa". Mswahili, kwa "kuliko yote", hutoa "the highest than all mountains". Kitabu hakilijui kosa hilo, kwa hiyo hakuna zoezi lake hata moja. Andika kanuni kwa kalamu nyekundu pembeni: ukishasema "-est" au "most", neno "than" limefukuzwa.

Sasa nyakati. Hapa ndipo kitabu kinapostahili bei yake, na hapahapa ndipo penye hatari kubwa.

Sura ya tisa ni ya kutofautisha "I read" na "I am reading". Mholanzi anasema "ik lees" kwa yote mawili, ingawa ana njia nyingine akitaka kusisitiza kwamba jambo linaendelea. Kwa hiyo kosa lake ni kuisahau "-ing": "Look, he runs away!" Mtunzi, kama daktari mzuri, amempa dozi kubwa. Kati ya sentensi sitini, hamsini na mbili jibu lake ni "-ing". Mswahili ana ugonjwa ulio kinyume kabisa. Kiambishi "-na-" kinatumika kwa jambo la sasa hivi na kwa jambo la kila siku, na shuleni tumezoeshwa kwamba "-na-" ni "am, is, are" pamoja na "-ing". Ndiyo maana husikika "I am knowing this road", "I am having two children", "Are you understanding?" Na "I am staying in Sakina" (mtaa wa Arusha) inakubalika kwa sarufi, lakini mgeni ataelewa kwamba umehamia hapo kwa muda tu, wakati wewe umezaliwa hapo. Kumpa mtu huyu sentensi hamsini na mbili za "-ing" ni kumwongezea chumvi aliyekwisha kula chumvi nyingi.

Usiitupe sura yote. Igeuze. Chukua zile sentensi nane zisizo na "-ing", uzifanye mara tatu. Kisha tumia kipimo kilichomo ndani ya Kiswahili chetu, kiambishi "hu-". Kabla ya kujibu, jiulize: sentensi hii ningeweza kuisema kwa "hu-"? Tembo hula majani na maganda ya miti. Inakubali, basi ni "Elephants eat leaves and bark". Huyu hapa hula maganda? Hapana, huyu anakula, namwona: "This one is eating bark". Mtu akiwa kwenye hifadhi ya Tarangire na tembo yuko mita thelathini mbele ya gari, sentensi hizo mbili hufuatana, na kipimo hiki hakimwangushi. Kinachobaki ni vitenzi vya hali ya moyo na akili: know, want, need, like, believe, understand. Hivi hata "-na-" yetu ikiita "-ing", usiifuate. Viandike ukutani, si vingi.

Sura ya kumi na moja ni ya "have seen" dhidi ya "saw". Mholanzi husema "Ik heb hem gisteren gezien", akiweka wakati timilifu pamoja na neno "jana", na hivyo kwenye Kiingereza anatoa "I have seen him yesterday". Kurasa kumi na mbili zimekwenda huko. Mswahili fasaha ana bahati: "nimemwona" na "nilimwona jana" anavitenganisha toka utotoni. Kwa hiyo sura hii utaifanya haraka na utapata alama nzuri. Usilewe sifa, kwa maana mtego wetu uko pengine, na kitabu hakiugusi kabisa, kwa sababu hauko kwenye Kiholanzi.

Simba yuko chini ya mgunga. Mwongoza watalii anasema kwa Kiswahili, "amelala". Akigeuza neno kwa neno inakuwa "He has slept". Mgeni anaelewa kwamba simba alilala, ameamka, sasa yuko macho. Kumbe ndiyo kwanza anakoroma. "-me-" yetu ina kazi mbili: tendo lililokwisha (amekula, amefika, ameondoka) na hali iliyopo sasa kutokana na tendo hilo (amelala, amekaa, amesimama, amechoka, amevaa, amekasirika). Ya kwanza ni "has". Ya pili Kiingereza kinaisema kwa "is": is asleep, is sitting, is standing, is tired, is wearing, is angry. Namna ya kuzitenganisha ni kuongeza neno "bado" mbele ya kitenzi. "Bado amelala" ina maana, kwa hiyo ni hali, tumia "is". "Bado amekula" haina maana, kwa hiyo ni tendo lililokwisha, tumia "has". Chui "bado amepanda mtini" haikai vizuri, lakini "bado yuko juu ya mti" inakaa. Ndiyo maana Kiingereza kinachomfaa mgeni aliyeshika kamera ni "There's a leopard up in that tree", wala si "The leopard has climbed". Kila darasa linalotumia kitabu hiki lijitungie ukurasa wa ziada wa sentensi ishirini za namna hii. Bila ukurasa huo, sehemu ya nyakati haijakamilika kwa Mswahili.

Baada ya hapo inakuja sura ya "since" na "for", na hii ndiyo bora kuliko zote. Kwa nini? Kwa sababu Kiholanzi na Kiswahili vinakosea mahali pamoja. Mholanzi anasema "Ik woon hier al vijf jaar", kitenzi kiko wakati uliopo, na Kiingereza chake kinakuwa "I live here already five years". Sisi tunasema "Ninaishi hapa mwaka wa tano sasa" au "Nina miaka mitano hapa", nacho kinatoka "I am living here since five years", "I have five years here". Dawa ni moja: "I have lived here for five years". Mtunzi amelipanga zoezi kwa hatua. Kwanza unachagua "since" au "for" tu, kitenzi umeshapewa. Kisha unapewa tarehe ya kuanza na ya leo, unahesabu mwenyewe. Mwisho unapewa swali la "How long…?" na unajibu kwa sentensi nzima. Usiruke hatua. Wengi hukimbilia ya tatu, wanajibu "Five years" wakadhani wamemaliza, na kitenzi hakijazoezwa hata mara moja. Andika sentensi nzima. "Since" hufuatwa na mahali pa kuanzia (2019, Monday, this morning), "for" hufuatwa na urefu (two hours, three days). "Tangu miaka mitatu" ndiyo inayotuponza.

Sura hii ina uzito wa pekee kwa watu wa Kilimanjaro. Asubuhi na jioni mwongozaji anawauliza wageni hali zao, kwa sababu mtu anapopanda kutoka kituo cha kulala cha Mandara, mita 2,720, hadi kile cha Horombo, mita 3,720, kichwa kinaweza kuanza kuuma, na miongoni mwa yanayosaidia kuamua kama apande, asubiri au ashushwe ni muda wa maumivu na kama yanazidi au yanapungua. Swali sahihi ni "How long have you had this headache?" Mholanzi, kwa "Hoe lang heb je al hoofdpijn?", angesema "How long do you have already headache?" Mswahili, kwa "Kichwa kinakuuma tangu lini?", husema "From when your head is paining?" Swali la pili: "Is it better or worse than this morning?" Hapo ndipo zile sentensi ishirini na nne za "worse" zinapolipa. Anayesema "more bad" ataeleweka na mgeni mwenye afya. Mgeni aliyechoka, aliyetapika, na ambaye Kiingereza si lugha yake pia, anahitaji neno alilolizoea. Na jibu lake nalo lisikilizwe kwa makini: Mholanzi akisema "I have headache since yesterday", usidhani ni kichwa cha jana kilichopona. Anakuambia kinauma mpaka sasa.

Wakati ujao kitabu kinaupitia kwa upole. Mholanzi husema "Ik bel je morgen", kitenzi cha sasa kwa jambo la kesho, kwa hiyo anafundishwa asisahau "will" anapotoa ahadi. Sisi "-ta-" yetu inatupeleka kwenye "will" moja kwa moja. "I'll carry your bag" haitusumbui. Lakini tazama ukurasa wa 97. Sentensi nne tu, za "when" na wakati ujao. Nne! Kwa Mholanzi zinatosha, kwao baada ya "als" kitenzi hubaki wakati uliopo kama Kiingereza. Kwetu "tutakapofika" ina "-ta-" ndani yake, na inazaa "When we will reach the gate, I will call the driver". Hii ndiyo sentensi inayotumika kuliko zote katika kazi ya kuongoza watu, na kitabu kimeipa nusu ukurasa. Ongezea nyingine ishirini, kwa kutumia when, before, after, until, as soon as. "When we reach Horombo, you'll rest." "As soon as the rain stops, we'll leave." Kwenye "before" kuna mtego wa pili. Kiswahili kinasema "kabla hatujaondoka", kwa ukanushi, na hutokea "before we have not left". Kiingereza hakitaki ukanushi hapo: "before we leave". Hakuna Mholanzi atakayelifanya kosa hilo, kwa hiyo hata kitabu cha majibu hakitakuonya.

Sura ya "if" inafaa kwa wote wawili. Sisi tunaweka "-nge-" pande zote mbili, "ningekuwa na nafasi ningekuja", wao wana "zou", na sote tunaangukia "If I would have time, I would come". Fanya yote.

Orodha ya vitenzi visivyo vya kawaida, nyuma ya kitabu, imepangwa kwa kufuata Kiholanzi: "drinken, dronk, gedronken" kando ya "drink, drank, drunk". Kwao ni ndugu wa damu. Kwetu mzizi wa kitenzi haubadiliki, kwa hiyo mpangilio huo haukupi kitu. Inakili upya kwa makundi ya sauti: drink, sing, ring, swim, begin pamoja, buy, bring, think, teach, catch pamoja, cut, put, hit, shut pamoja. Maneno matano kwa siku, kwa mdomo, yanakaa kuliko orodha nzima kwa usiku mmoja. Kurasa za mpangilio wa maneno ("Yesterday have I…") na za maneno yanayofanana na Kiholanzi lakini maana tofauti, ziruke bila kuangalia nyuma.

Kuhusu kitabu chenyewe kama kitu cha kushika: karatasi ni nzuri, inavumilia kifutio. Pini ndizo dhaifu, kurasa za katikati zinachomoka baada ya kufunguliwa sana, basi bandika gundi ya karatasi kwenye mgongo mapema. Mwenye kitabu wa kwanza amejaza majibu kwa penseli hadi karibu ukurasa wa 60. Yafute yote kabla ya kuanza, usiyaamini. Kwenye sura ya kumi na moja ameacha "have" pamoja na "last week" mara tatu. Na wewe usijaze humo, andika kwenye daftari, ili uweze kurudia na mwingine akitumie. Mazoezi tisa yenye alama ya sikio yanahitaji CD ambayo haipo, hayo yamekufa.

Kwa kijana wa Kiholanzi anayefanya kazi Moshi na anayetaka kunyoosha Kiingereza chake, kitabu hiki kitumike kama kilivyo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa Mtanzania, kinamfaa aliyefika angalau kidato cha pili. Chini ya hapo atapotea. Jioni tatu kwa wiki, dakika arobaini na tano, wiki nane zinatosha kwa kurasa tulizozitaja. Wakikaa pamoja Mholanzi na Mswahili ni bora zaidi, hasa sura ya tisa: mmoja anaisahau "-ing", mwingine anaizidisha, na kila mmoja analisikia kosa la mwenzake kabla ya kulisikia lake.

Kabla ya kulipa, kagua mambo mawili. Angalia kama ukurasa wa "since" na "for" upo, kwa sababu uko karibu na pini na mara nyingi ndio uliochomoka. Halafu ulizia kitabu cha majibu, kijitabu chembamba cha rangi tofauti ambacho wauzaji hukitenga bila kujua kwamba ni pacha. Vikiwa pamoja, shilingi 8,000 ni halali yake. Kikiwa peke yake, usizidishe 4,000, na uwe na mwalimu wa kukusahihishia.